Safu ya Mawe ya Numbi

Ngalula mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye benchi la watoto wa mwaka wa kwanza, magoti yakikaribia kidevu. Watoto wametoka sasa hivi, na vumbi walilolitimua bado halijatua mlangoni. Nyumbani sina pa kuandikia. Shangazi yako ameteka chumba chote, anapanga sanduku lako na kulipangua, na kila jirani anayekuja kukuaga anaongeza neno lake. Chandarua, dawa, unga, lori la kesho litasimama wapi, nani wa kumsalimu kwanza ukifika Kisenge kuanza kufundisha: yote hayo utayasikia kwao mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu.

Ni habari ya kile kifurushi. Jumapili nilikitia katikati ya nguo zako: vizibo vya chupa na vipande vya kikwembe, vile vile ninavyotumia hapa darasani. Wewe ukakitoa. Hukukasirika. Ulikiweka mezani taratibu, kama mtu anayemrudishia jirani sahani yake.

"Mama, kule ni mawe meusi tu," ulisema. "Mutu anafundisha rangi na nini?"

"Njo maana nimekuwekea hii."

"Hapana, mama. Direkta wa masomo ya kule alisha kusema saa ya kuchora naweza kuiweka ku hesabu. Batoto beko nyuma. Na mi naona ni bora. Mi siko mwalimu wa bile bitu."

Shangazi yako akadakia, "Acha mutoto. Nani alisha kushiba rangi?"

Tukacheka wote watatu. Lakini wewe uliacha kucheka kabla yetu, nikaona.

Najua neno hilo, kwamba wewe si mwalimu wa vitu vile, ulilianza lini. Lilianza siku ya somo lako la majaribio, mbele ya mkaguzi. Uliwapangia watoto vizibo mezani, chekundu, cha buluu, chekundu, cha buluu, ukawaambia waendeleze. Wengine waliendeleza. Wengine walifanya mambo ambayo hukuyaelewa. Mkaguzi alikuwa ameketi nyuma, kalamu yake inakimbia. Ukaogopa, ukaanza kupita meza kwa meza ukirekebisha kwa mkono wako mwenyewe, ukitoa kizibo hapa, ukiweka kingine pale. Ulirudi nyumbani, ukavua viatu mlangoni, ukasema, "Mama, batoto bale habaoni."

Neno lako lilinishtua kwa sababu niliwahi kulisema mimi, katika chumba hiki hiki.

Lakini kwanza nikuambie nilikuwa mwanafunzi wa namna gani. Mwalimu wetu wa mwaka wa pili alikuwa mama mmoja mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alitufundisha kwa uangalifu mkubwa, na kila ukurasa wa daftari tulifunga kwa frizi, ule ukanda mwembamba wa mapambo chini ya hesabu au imla. Miraba miwili myekundu, mmoja wa buluu, miwili myekundu, mmoja wa buluu, mpaka ukingo wa karatasi. Mimi nilikuwa msichana wa frizi. Niliuma ulimi nikipaka rangi, na rangi yangu haikutoka nje ya mraba. Daftari langu lilipitishwa darasani wengine wajifunze. Nilipenda ule utulivu wa kujua kinachofuata. Baba alipokuwa hana kazi, mama alipokuwa mgonjwa, chini ya ukurasa palikuwa na kitu ambacho hakikunidanganya: baada ya nyekundu mbili, buluu.

Kuna swali moja sikuwahi kujiuliza. Miraba ya kwanza ilichorwa na nani? Ilikuwa daima ya mwalimu, ubaoni. Miaka yote ile sikuwahi kuanza frizi yangu mwenyewe. Niliendeleza tu. Nililigundua hilo nikiwa mtu mzima, tena kwa sababu ya mtoto aliyeitwa Numbi.

Numbi alikuwa mwanafunzi wangu miaka yangu ya mwanzo hapa. Mwembamba, na sauti nzito isiyolingana na mwili wake, akiongea kama mama wa sokoni. Baba yake alikuwa mchimbaji. Mama yake aliosha mawe na kuyachambua nyuma ya nyumba, na Numbi alimsaidia. Kila alipokosa masomo sikuhitaji kumwuliza alikuwa wapi. Nilitazama kucha zake.

Sikuwa na penseli za rangi za kutosha darasa zima, basi nikawaambia watoto walete mawe. Nani anakosa jiwe Kolwezi? Wakaleta ya kijani yenye shaba, meusi yenye kobalti, na yale mekundu ya barabarani yasiyo na kitu. Nikatoka nao uani, nikapanga safu chini: la kijani, jeusi, la kijani, jeusi.

"Nani anajua nini inafuata?"

Numbi akaja, akachuchumaa mbele ya safu yangu, akaivunja. Ya kijani akayasukuma upande huu, meusi upande ule. Kisha meusi yenyewe akayagawa tena vilima viwili, na mimi niliyesimama juu yake sikuona tofauti yoyote.

"Numbi, unafanya nini?"

"Natengeneza, madamu."

"Mi nilisha kutengeneza."

"Hapana, madamu. Ulichanganya." Alinitazama kwa huruma. "Ukipeleka hivi ku depo, batakatala. Tenere itashuka."

Wewe umekulia hapa, hilo neno unalijua: depo ndiko wanunuzi wanakopima jiwe lina madini kiasi gani, na hicho kiasi ndicho tenere. Watoto wenzake nao walilijua. Wakaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Madamu atalala njaa!"

Nikapanga safu upya. Numbi akaivunja upya. Nikapanga tena, akanyoosha mkono tena, nikamwambia akae. Mchana nikamwambia mwalimu mwenzangu hapo mlangoni, "Yule mtoto haoni." Ndiyo hayo maneno, Ngalula. Nilimwona mtoto akitenganisha weusi na weusi, kisha nikasema haoni.

Kilichomfungua hakikuwa jiwe. Siku moja ya mvua tulibaki ndani, nikawachezesha: piga kofi, kanyaga, kofi, kanyaga. Kofi, kofi, kanyaga. Numbi alikuwa akikanyaga kwa nguvu kuliko wote. Ghafla akasimama katikati ya kelele, akapiga ukelele, "Aa! Madamu! Njo ile ya mawe!" Akakimbilia kwenye ndoo ya mawe, akapanga la kijani, la kijani, jeusi, huku akiiga sauti ya makofi kwa mdomo. Nilifurahi sana. Nilitembea kurudi nyumbani siku ile kama mtu aliyepewa zawadi.

Furaha yangu ilidumu mpaka Jumatatu. Asubuhi, katikati ya kusoma, mama mmoja akasimama mlangoni, kikwembe chake kimelowa mpaka magotini.

"Njo weye madamu ya kuchanganya?"

"Karibu, mama."

"Siko nakaribia. Weye njo utakuya kwangu. Kuya uone kazi yako."

Nilikwenda masomo yalipokwisha, Numbi akiwa mbele yangu. Mama yake alikuwa ametandaza mawe yaliyokwisha kuoshwa na kuchambuliwa, kijani kwake, meusi kwake, tayari kutiwa mifukoni na kupelekwa depo. Jumapili alikwenda kwenye maombi. Aliporudi alikuta Numbi ametumia mawe yote. Safu ilianzia kizingitini na kuizunguka nyumba.

Nikaifuata. Mwanzoni ilikuwa ile yangu: la kijani, jeusi. Kisha la kijani na meusi mawili. La kijani na meusi matatu. Meusi yaliendelea kuongezeka kandokando ya ukuta mpaka kwenye kona, na pale kwenye kona yakaanza kupungua, moja moja, hadi yakarudi kuwa moja. Kisha yakaanza kupanda tena kwa ukuta wa pili. Mimi sikuwa nimemfundisha hayo. Sikuyajua hata mimi.

"Numbi, nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna."

"Sasa juu ya nini hapa yanaanza kupunguka?"

Akanishangaa. "Juu nyumba inageuka, madamu."

Nilipoinua kichwa nikamwona mama yake naye anaizunguka nyumba. Tangu jana alikuwa akiitazama safu ile kwa hasira, kama mtu anavyotazama unga uliomwagika. Sasa aliifuata hatua kwa hatua, akapotea nyuma ya nyumba, akatokea upande wa pili.

"Muzuri ni muzuri," alisema. Akapumua. "Lakini mufuko ni mufuko."

Akainama akaanza kuokota. Nami nikakaza kikwembe changu kiunoni, nikainama karibu naye. Ya kijani hayakunisumbua. Meusi ndiyo yaliniaibisha, maana kila nilipotupa moja kwenye kilima, sauti nzito ilitoka juu ya kichwa changu: "Hii hapana, madamu. Hii ni ya kule." Nilimwomba Numbi anionyeshe tofauti. Akaligeuza jiwe kwenye mwanga, akanionyesha weusi uliokuwa na buluu ndani yake kama bawa la kunguru, na weusi mwingine uliokuwa kama mkaa uliozimika, hauna kitu. Nikaona. Baada ya hapo sikuweza tena kutoona.

"Mwalimu gani huyu," mama yake akasema, "mutoto njo anamufundisha?"

"Leo mi njo mwanafunzi, mama."

"Basi faulu haraka. Tata yake eko nakuya."

Tulicheka, lakini mikono yetu haikusimama. Tukamaliza kabla baba hajafika. Mwaka uliofuata walihamia upande wa Tenke, wakifuata machimbo, na sikusikia tena habari zao. Sijui kama Numbi aliendelea na masomo. Natamani sana kujua. Wakati mwingine nikipita nyumba ya matofali ya udongo natazama chini ya ukuta wake, halafu najicheka.

Sasa sikiliza nilivyokosea baada ya hapo, maana kosa lenyewe liko huku, si kule kwenye mawe. Nilidhani nimejifunza somo: usiwafundishe watoto kwa kitu ambacho wazazi wao wanakula kwacho. Ndipo nikaanza kukusanya vizibo na vipande vya nguo, vitu visivyo na mwenyewe. Hakuna mama aliyerudi kunifokea. Lakini nilikuwa nimeshika nusu ndogo ya somo, nikaiacha kubwa kizingitini kwa Numbi. Kwa vizibo nilirudi kuwa msichana wa frizi. Mimi nilianza, watoto waliendeleza. Safu zao zilinyooka, wageni walizisifu. Na mwanafunzi wangu bora katika miaka yote hiyo ulikuwa wewe, ukiketi benchi hili la pili kutoka mlangoni, ukiuma ulimi kama mimi. Rangi yako haikutoka nje ya mraba hata kidogo. Nilijivuna. Haikunijia hata siku moja kukuuliza, "Ngalula, wewe ungeanzaje?"

Nakuuliza leo. Nimechelewa, najua.

Nisingeyaandika haya kama si jambo la jana. Uliniachia simu yako ya zamani ukaenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nikaanza kutazama picha, kama mama yeyote anavyofanya akiachiwa simu. Nikafika kwenye ile picha ya somo la majaribio, aliyoipiga mwenzako: meza ya yule msichana mwenye misuko iliyosimama. Ulikuwa umenionyesha siku ile ile na kusema, "Ona fujo hii." Niliiona nami nikaafiki kuwa ni fujo. Jana niliikuza kwa vidole.

Rangi ni ovyo kabisa, kweli. Chekundu, chekundu, buluu, chekundu, buluu, buluu. Lakini tazama vizibo vyenyewe vilivyolala, Ngalula. Kimoja kimefunikwa, rangi juu. Kinachofuata kimelazwa chali, kinaonyesha tumbo lake la bati. Kilichofunikwa, kilicholazwa chali, kilichofunikwa, kilicholazwa chali, mpaka ukingo wa meza bila kukosea. Alikuwa anaendeleza. Alikuwa na safu yake, wala si rangi aliyokuwa akiipanga. Na pembeni mwa picha unaonekana mkono wako, na ile bangili niliyokupa, unafika kurekebisha.

Nilicheka peke yangu mpaka shangazi yako akauliza nani ananichekesha humo simuni. Nilicheka kwa mshangao, mwanangu, si kwa kukucheka. Ningekuwa mimi mezani pale ningefanya ulivyofanya. Uliuliza habari ya rangi, ukatazama rangi, hukuiona. Macho yanafuata swali. Na yule mkaguzi naye, na kalamu yake yote, hakuona.

Kwa hiyo jibu la neno lako nimelipata, ingawa limekuja siku moja kabla ya lori. Watoto wale wanaona. Kama wangekuwa hawaoni, ungekuwa na haki ya kuacha. Na kama ungekuwa si mwalimu, usingerudi nyumbani siku ile na uso ule. Mtu asiyejali havui viatu vile ulivyovivua.

Sikwambii ugombane na direkta. Amewajua watoto wale kabla yako, na kama anasema hesabu iko nyuma, iko nyuma. Nataka tu ukumbuke kwamba Numbi, aliposafiri kuizunguka nyumba, moja, mawili, matatu, kisha kurudi, alikuwa anahesabu, tena hakuna aliyemlazimisha. Ukiona vyema mwambie direkta. Ukiona vingine, nyamaza ufundishe. Saa ile ni yako, wewe ndiwe utakayesimama ndani yake.

Ninachokuomba ni kidogo, nacho ni kwa faida yangu. Kisenge sikuwahi kufika. Nimesikia tu kwamba jiwe lao ni jeusi, na uliposema "meusi tu" jambo fulani lilinikereketa moyoni tangu Jumapili mpaka leo. Meusi tu? Mvua ikinyesha, ukuta wa nyumba unageuka rangi gani? Vumbi likikaa juu ya jani la muhogo, jani linakuwaje? Watoto wa kule wana neno moja la weusi, au wana mengi ambayo sisi hatujayasikia? Wakipewa mawe meusi peke yake watayapanga kwa nini: kwa ukubwa, kwa uzito, kwa kung'aa, kwa sauti yakigonganishwa? Sijui, na nakuonea wivu, maana wewe utajua kabla yangu.

Kifurushi sikukirudisha sandukuni. Kiko hapa mbele yangu, nimekifungua, na kesho watoto wa benchi hili watavitumia vizibo vyako. Sitawaanzishia safu. Nitamwaga mezani kisha nikae chini. Naogopa kidogo, nikuambie ukweli, kwa umri wangu huu.

Badala yake nimekuwekea kitu mwishoni mwa karatasi hii, chini ya maneno haya. Ni frizi. Nimeichora sasa hivi kwa vipande vya penseli vilivyobaki kwenye kopo, na ni ya kwanza ambayo nimeianza mwenyewe, bila ubao wa mtu. Imepinda. Kijani imetoka nje ya mraba mara nyingi, mwalimu wangu wa miwani angesikitika. Inafika katikati ya upana wa ukurasa, na nusu nyingine nimeiacha wazi.

Usiimalizie wewe. Saa yenu ya kwanza ya kuchora, ikunje karatasi maneno haya yabaki ndani, maana maneno ni yako lakini mstari ni wao, kisha uiweke mezani. Mpe penseli mtoto wa kwanza atakayeinama kuitazama. Kisha mikono yako, na bangili yako, iweke nyuma ya mgongo.

Akimaliza, usiniandikie kama amepatia. Nitumie picha tu, mi nitaikuza.

Mama yako,
kwenye benchi la mwaka wa kwanza